Mbu wa Mchana na Maji ya Jaba

Mama mdogo wangu anaishi Ujiji, Kigoma, kwenye nyumba yenye mwembe mbele na majaba mawili ya bluu nyuma. Mwaka juzi, mvua zikielekea ukingoni, alishikwa na homa ya ghafla. Asubuhi alikuwa sokoni akiuza samaki wa migebuka, adhuhuri amejifunika mablanketi mawili, analalamika kwamba macho yanamuuma kwa ndani na viungo vimekaza kama vimefungwa kamba. Tukampeleka kupima. Kipimo cha malaria kikatoa mstari mmoja.

"Mama, malaria huna," mhudumu akamwambia.

"Sina? Basi hii iliyonilaza ni nini, mwanangu?"

Mhudumu akaandika taifodi. Hakuna aliyempima taifodi. Alimeza dawa zote alizopewa, homa ikaondoka baada ya siku tano, nasi tukaisifu dawa. Lakini kwa muda wa miezi miwili baadaye mama hakuweza kukamua nguo wala kusonga ugali. Vifundo vya mikono vilikuwa vinamuuma kila asubuhi. Sitadai kwamba ninajua alichougua. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekitafuta.

Nimelifikiria sana jambo hili, nikaona tatizo linaanzia kwenye neno. Kigoma, neno "malaria" limemeza neno "homa". Mtu hasemi anaumwa homa, anasema "nina malaria", hata kabla hajafika zahanati. Na wala si ujinga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kigoma wenye umri wa miezi 6 hadi 59, takribani 24 walikuwa na vimelea vya malaria, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Mwaka 2022 jirani zetu wa Tabora ndio walioongoza, kwa takribani 23. Katika mikoa kama hii, ukisikia homa ukasema malaria, utapatia mara nyingi kiasi cha kusahau mara unazokosa.

Mara hizo tunazokosa, watafiti waliwahi kuzihesabu, ingawa si huku kwetu. Waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa huko Moshi mwaka 2007 na 2008, wakachukua damu na kuipima kwa kina kuliko hospitali inavyoweza kufanya kila siku. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa wanaumwa malaria kweli ni 14. Miongoni mwa waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu, 55 walikutwa na chikungunya, na katika mafaili yao hakuna hata moja ambamo daktari alikuwa ameandika kwamba huenda ni ugonjwa wa aina hiyo. Moshi si Kigoma; kule malaria ni chache, huku ni nyingi, kwa hiyo hesabu zetu zisingefanana. Ila funzo la yale mafaili 55 linavuka mikoa: ugonjwa usioandikwa hata kwa penseli hauwezi kuonekana.

Sasa tuvitenganishe. Malaria inasababishwa na kimelea, na kimelea kina dawa yake, ile dawa ya mseto. Dengue, chikungunya, Zika, homa ya manjano, homa ya Bonde la Ufa na o'nyong-nyong zote zinasababishwa na virusi. Mbu ndiye mbebaji kote, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Virusi hivi havina dawa ya kuviua ambayo utaandikiwa zahanati. Mseto hauvigusi, antibiotiki haivigusi, na ile taifodi ya mama mdogo ilitibiwa kwa dawa ambayo, kama alikuwa na kirusi, haikufanya lolote zaidi ya kupunguza pesa za migebuka. Mwili wenyewe ndio uliopigana.

Wala usidhani haya ni magonjwa ya ng'ambo yaliyokuja na ndege. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa nchini, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye nyanda za juu za Wamakonde huko Newala, na jina lake ni la Kimakonde, linasema habari ya mtu aliyejikunja kwa maumivu. Zika iligunduliwa mwaka 1947 kwa nyani aliyewekwa na watafiti kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, wakati wao walikuwa wakiichunguza homa ya manjano. O'nyong-nyong ililipuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikashuka hadi Tanganyika, na inakadiriwa kuwa iliwapata watu milioni mbili hivi.

Habari ya neno dengue ndiyo inayonifurahisha zaidi. Wapo wanaosema limetokana na Kiswahili, kutoka "kidinga pepo", jina ambalo watu wa Unguja waliita homa ya viungo iliyowaangusha mwaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani wakati huo, aliliandika. Leo sisi tunasema kidingapopo. Lakini wataalamu waliozisoma tena habari zake baadaye, na kuona jinsi maumivu ya viungo yalivyodumu, walihisi kwamba ugonjwa ule wa Unguja ulikuwa chikungunya. Kama ni hivyo, tumeipa dengue jina la jirani yake. Kwa hiyo yule mhudumu aliyeandika taifodi tusimlaumu kupita kiasi. Homa hizi zimekuwa zikivaliana nguo kwa zaidi ya miaka 150.

Ukitaka kuzielewa, iache homa umfuate mbu.

Mbu wa malaria, Anofelesi, tunamjua. Huuma usiku, na hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama juu ya ardhi: dimbwi la barabarani, alama ya kwato za ng'ombe, majaruba ya mpunga bonde la Luiche. Kampeni zote tulizozizoea zimekatwa kwa kipimo chake. Chandarua ni kwa ajili ya mbu wa usiku. Dawa ya kupulizia ukutani ni kwa ajili ya mbu anayetua ukutani akishashiba.

Mbu wa dengue, chikungunya, Zika na homa ya manjano ya mjini ni mwingine. Anaitwa Edesi. Ni mweusi, ana madoa meupe mwilini na pete nyeupe miguuni, ukimtazama vizuri utadhani kavaa soksi za mistari. Anauma mchana, hasa asubuhi jua likishachomoza na jioni kabla halijazama, yaani saa ambazo mama anafagia uwanja na watoto wanarudi shule. Ni mwoga na mjanja. Ukimfukuza mguuni anakwenda kwa mtu wa pili, na wa tatu, kabla hajashiba. Ndiyo maana mbu mmoja aliyebeba virusi anaweza kuilaza nyumba nzima ndani ya wiki.

Na maji yake ni mengine kabisa. Huyu hataki dimbwi la matope. Anataka maji masafi yaliyomo ndani ya chombo: jaba, ndoo, mtungi, tairi lililotupwa nyuma ya gereji, kifuu cha nazi, kopo la rangi, gata lililoziba majani. Wapo ndugu zake wanaotaga hata kwenye maji yanayokaa katikati ya shina na jani la mgomba, na Kigoma migomba hatuna haja ya kuitafuta. Mayai hayaelei majini. Anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, madogo meusi kama vumbi la mkaa. Jaba likikauka hayafi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kiangazi chetu chote cha Juni hadi Septemba, na siku maji yanapopanda tena yanaanguliwa. Ukimwaga maji bila kusugua ukuta umemwaga maji tu.

Hapa ndipo ushauri wa afya unapogongana na maisha. Tunaambiwa tuondoe vyombo vyenye maji kuzunguka nyumba. Nilimpa mama mdogo ushauri huo, akanitazama kwa huruma.

"Unataka nimwage maji niliyoyangoja siku tatu?"

Hakuwa na kosa. Bomba mtaani kwao linatoka kwa zamu, na mtu ambaye bomba lake linatoka kwa zamu atakuwa na jaba. Mbu wa dengue anastawi pale ambapo mji umekua kuliko mabomba yake, na kumwambia mama wa nyumba kwamba tatizo ni jaba lake ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye bajeti ya maji, mahali ambapo wataalamu wa malaria na homa huwa hawaalikwi. Mpaka zamu ziishe, kinachowezekana ni kufunika na kusugua. Kufunika maana yake ni kitambaa kinachobana ukingoni, kwa sababu mfuniko uliopinda kidogo kwa mbu ni mlango. Kusugua ni mara moja kwa wiki, na wiki hiyo haikuchaguliwa ovyo: kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi kwenye joto letu. Ukisugua kila baada ya wiki mbili unakuwa unawahudumia.

Sasa, mbu huyu mwenyewe hasafiri. Maisha yake yote anaweza asivuke mita mia chache kutoka jaba alilozaliwa. Anayesafiri ni mtu. Mgonjwa wa dengue akiumwa na Edesi katika zile siku chache za mwanzo ambapo virusi vimejaa damuni, mbu yule huhitaji siku nane hadi kumi na mbili hivi virusi vikomae ndani yake, kisha anabaki mwambukizaji hadi afe. Na mtu aliyeumwa hukaa siku nne hadi kumi kabla hajahisi chochote. Hizo ni siku za kutosha kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wa reli, kushuka Kigoma, kusalimia ukoo wote, na ndipo homa ianze.

Dar es Salaam imekuwa na milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019. Ule wa 2019 ulipita wagonjwa 6,000. Reli ya kati imefika hapa tangu 1914, na mabasi siku hizi hayahesabiki. Upande wa pili kuna ziwa. Boti zinakwenda na kurudi Burundi na Kongo, na mkoa umepokea wakimbizi kwenye kambi kubwa za Nyarugusu na Nduta. Watu wakisikia hivyo huanza kumtazama mgeni kwa jicho baya, kana kwamba ugonjwa uko kwenye mzigo wake. Mgeni mwenye virusi akifika kwenye mtaa usio na Edesi, ugonjwa unaishia kwake. Akifika kwetu, anakuta mbu tumemfuga.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipima damu za watu katika wilaya nane za Tanzania, Buhigwe ya mkoani kwetu ikiwamo, ukakuta kingamwili za chikungunya, dengue na Zika, yaani alama ambazo mwili huhifadhi baada ya kupigana na virusi. Huenda wengi wa watu hao walidhani wamepita kwenye malaria.

Homa ya manjano inastahili aya yake kwa sababu ya Kongo. Mwaka 2016 mlipuko mkubwa ulianzia Angola ukaingia Kongo hadi Kinshasa. Virusi vyake huzunguka kwa nyani na mbu wa msituni, kisha mtu mmoja anavitoa msituni na kuvipeleka mjini, ambako Edesi wa majaba anavipokea. Tofauti yake na dengue ni kwamba ina chanjo nzuri, ya tangu miaka ya 1930, na dozi moja inatosha maisha yote; tangu Julai 2016 kadi yake ya njano haihitaji tena kurudiwa kila baada ya miaka kumi. Kwa hiyo ukiulizwa kadi bandarini au mpakani, si usumbufu wa kutafutiwa chai. Ni kwamba ugonjwa ambao mbu wake tayari tunao unazuiwa usimkute.

Homa ya Bonde la Ufa inavunja hesabu hii ya mbu wa nyumbani, kwani njia yake ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuna Edesi wa mbugani ambao hutaga kwenye mabonde yanayofurika, na virusi hukaa ndani ya mayai yenyewe, miaka na miaka, yakingoja mafuriko. Mvua kubwa zikija, mbu wanaanguliwa wakiwa tayari na virusi, mifugo inaugua, mimba zinatoka kwa wingi. Mtu huambukizwa na mbu, lakini zaidi kwa kushika damu wakati wa kuchinja, kumsaidia mnyama kuzaa au kunywa maziwa mabichi. Mlipuko wa mwaka 2007 nchini ulihesabu wagonjwa 511 walioshukiwa kuwa nao, na 144 kati yao walikufa. Uwiano huo unatisha kuliko ugonjwa wenyewe, maana waliohesabiwa ni wale waliozidiwa. Wengi huugua kidogo na kupona bila kuandikwa popote. Burundi ilipata mlipuko kwa ng'ombe mwaka 2022. Sisi tuna bonde la Malagarasi na makundi ya ng'ombe yanayoongezeka Uvinza. Mfugaji akiona majike yanatoa mimba kundi zima baada ya mvua kubwa, afisa mifugo ndiye wa kupigiwa simu kwanza, na nyama ile isiliwe.

Na o'nyong-nyong? Nimeibakiza kwa sababu inaharibu mpangilio wangu mzuri. Yenyewe ni kirusi, ni ndugu wa chikungunya, lakini huenezwa na Anofelesi, mbu yule yule wa malaria. Kwa hiyo chandarua cha usiku kinaizuia.

Turudi kitandani kwa mgonjwa, maana ndiko mambo haya yanakoishia. Kwa macho huwezi kuzitofautisha homa hizi, nami namwogopa mtu anayesema anaweza. Zipo dalili zinazoegemea upande mmoja: dengue hupenda maumivu nyuma ya macho, misuli, na upele, chikungunya hushika viungo vikavimba na kubaki vinauma wiki au miezi. Lakini zinaingiliana, na mtu anaweza kuwa na malaria na kirusi kwa pamoja, hivyo hata mistari miwili kwenye kipimo haimalizi maneno kama homa haishuki baada ya mseto. Kipimo cha malaria kinajibu swali moja tu. Kipimo cha haraka cha dengue kipo na kinafaa zaidi siku za mwanzo. Uhakika zaidi hutoka maabara kubwa. Usione aibu kuuliza, "Daktari, kama si malaria, tunafikiria nini kingine?"

Mambo mawili yanaweza kuokoa maisha hata bila jina la ugonjwa. La kwanza ni dawa ya maumivu. Dengue inaweza kumfanya mtu avuje damu, na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zile tunazonunua duka la dawa kama pipi kila viungo vikiuma, huongeza hatari hiyo. Mpaka ijulikane ni nini, tumia parasetamoli, kwa kipimo chake, na maji mengi. La pili ni siku homa inaposhuka. Kwenye malaria tukiona mwili umepoa tunashukuru na kumwacha mgonjwa alale. Kwenye dengue, saa zile za kupoa, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, ndizo ambazo mishipa inaweza kuanza kuvujisha maji na mgonjwa akazidiwa. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, akilegea au kuhangaika bila kutulia, hospitali wakati huo huo, usingoje asubuhi. Aliyewahi kuugua dengue awe macho zaidi: virusi vyake viko vya aina nne, kuugua aina moja hakukukingi na nyingine, na mara ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa sana mitaani. Mgonjwa wa homa alale ndani ya chandarua hata mchana. Si kwa ajili yake, yeye ameshaumwa. Ni kwa ajili ya sisi tuliokaa pembeni ya kitanda, ili mbu wa saa kumi jioni asimnywe yeye kisha, wiki mbili baadaye, akatunywa sisi. Mama mdogo alilala sebuleni siku tano, mlango wazi apate hewa, majirani wakija kumpa pole mmoja mmoja.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Majaba yote mawili yamefunikwa kanga zilizochakaa, zimekazwa kwa mpira wa baiskeli, hakuna hata upenyo wa kupitisha kidole. Nikamsifu. Akacheka, akaniongoza hadi chini ya mwembe, kwenye kigae anachowekea kuku wake maji ya kunywa. Tukainama wote wawili. Viluwiluwi vilikuwa vinapinda na kukunjuka humo, kama mstari wa mwandiko unaojiandika na kujifuta.

"Na hawa je, mwanangu," akaniuliza, "nao niwafunike kanga?"

Akatafuta fungu la makumbi ya nazi, akamwaga maji mguuni pa mwembe, akakaa juu ya kigoda kusugua.